Ndiyo, dalali wa mahakama alikuja mlangoni kwangu

Mdogo wangu,

Jana kwenye simu uliniuliza mambo mawili kwa sauti ya chini, nikajua mama yuko karibu. La kwanza, kama ni kweli nilifuatwa na dalali wa mahakama huku Uingereza kwa deni la kodi, maana binamu yetu wa London amelisema kwenye grupu la ukoo. La pili, kama uandike jina lako kwenye mkataba wa nyumba ambayo rafiki zako wawili wameipata kwa ajili ya Septemba. Nikikujibu la kwanza nakuwa nimelijibu na la pili, kwa hiyo naeleza yote. Ukimaliza kusoma, msomee na mama. Nimechoka kumficha.

Ndiyo, alikuja. Ilikuwa Machi 2024, saa mbili asubuhi, nimetoka shifti ya usiku kwenye nyumba ya wazee na sijavua hata sare. Mwanamume mtaratibu tu, kitambulisho kifuani, karatasi mkononi. Alilitaja jina langu kamili mbele ya Bi Mkubwa wa Kizanzibari ninayepanga chumba kwake, na watoto wake wamesimama kwenye ngazi na mabegi ya shule. Akasema nadaiwa pauni 1,648. Mimi ambaye tangu nifike sijawahi kuchelewesha pango la chumba hata siku moja.

Najua mama anaposikia "kudaiwa kodi" anawaza nini. Anakumbuka kodi ya maendeleo, ile iliyofutwa mwaka 2003, mgambo wakiingia kijijini na wanaume wakikimbilia kwenye mkonge. Mwambie huku sivyo. Hakuna anayekamatwa njiani. Huku ni barua, na barua ndizo zilizoniangusha.

Kodi yenyewe wanaiita council tax. Sisi tunasema kodi ya kaunsili, yaani ya halmashauri ya mji. Ilianza mwaka 1993 baada ya Waingereza wenyewe kuikataa kodi ya kichwa, mpaka wakafanya fujo kubwa pale Trafalgar Square, London, Machi 1990. Nyumba zimepangwa kwa madaraja, kuanzia A hadi H hapa England, kwa thamani zilivyokuwa Aprili 1991. Hela yake huendesha uzoaji wa taka, taa za barabarani na matunzo ya wazee, wakiwemo hawa ninaowaogesha mimi. Tofauti na nyumbani ni hii: anayedaiwa kwa kawaida ni anayeishi ndani, siyo mwenye nyumba. Nyumbani tangu 2021 kodi ya jengo inakatwa kwenye LUKU ya umeme, na nakumbuka wapangaji mlivyolalamika kwamba mnamlipia mwenye nyumba kodi yake, mkaambiwa mkamdai au mkate kwenye pango. Huku mpangaji hana wa kumdai. Kodi ni yake.

Na wapangaji wakiwa wawili kwenye mkataba mmoja, kila mmoja anadaiwa yote. Hilo lisome tena, mdogo wangu. Siyo nusu kwa nusu. Kaunsili ina haki ya kumfuata yeyote kati yao kwa deni zima, na wao wakadaiane huko mbele kama wanaweza.

Mimi sikulijua hilo. Aprili 2022 niliingia nyumba ya vyumba viwili na dada mmoja wa nyumbani, mtu wa kuheshimika, aliyenitangulia huku miaka kadhaa. Ndiye aliyenipokea kituoni na kunipikia wali wa nazi usiku wa kwanza, nikalia mezani. Tulisaini mkataba wote wawili. Kodi ya mwaka ilikuwa pauni 1,560, inalipwa kwa mafungu kumi ya pauni 156. Akaniambia, "Wewe nipe 78 kila mwezi, mimi ndiye nazungumza nao." Nikampa taslimu, Aprili mpaka Januari. Mara kumi. Jumla pauni 780. Sikuomba risiti, kwa sababu humwombi risiti mtu uliyekula kwake.

Alilipa mafungu mawili tu, pauni 312. Barua za kukumbusha zilikuja. Ukikosa fungu moja unapewa siku saba, ukiendelea kukosa unadaiwa mwaka mzima kwa mpigo. Zilikuja kwa majina yetu wote wawili, na yeye ndiye aliyekuwa anaokota posta asubuhi, mimi niko kazini au nimelala. Tarehe 31 Januari 2023 nilihama kwa amani, nikamwomba awajulishe kaunsili. Akasema atawajulisha. Wito wa mahakama ulipokuja ulikwenda kwenye anwani ile ya zamani, hakimu akatoa amri ya kulipa bila mimi kuwepo wala kujua, gharama za mahakama pauni 90 zikaongezwa juu. Agosti mwaka ule yeye akaondoka nchini. Namba yake haipatikani tena.

Hapo ndipo kosa langu lilipo, na sitalipunguza. Sikuwaandikia kaunsili mwenyewe siku niliyohama. Ingenichukua dakika kumi.

Kosa la pili ni baya zaidi. Dalali hakuja ghafla. Barua yake ilitangulia, na sheria inamtaka atoe siku saba kamili kabla ya kuja. Niliifungua, nikaona jina langu, nikaona neno la mahakama, nikaiweka chini ya godoro. Nilikuwa nimeambiwa na watu kwamba mwenye viza akidaiwa anarudishwa kwao. Nikalala juu ya barua ile siku zote hizo nikiomba Mungu iwe ya mtu mwingine. Kama ningepiga simu ndani ya siku zile, ada ya dalali ingebaki pauni 75. Kwa kuwa alilazimika kufunga safari mpaka mlangoni, ikaongezeka nyingine 235. Ukimya wangu ndio uliolikuza deni.

Siku ile mlangoni Bi Mkubwa ndiye aliyeniokoa. Alijifunga kanga yake, akasimama katikati ya mlango, akamwambia yule bwana kwa Kiingereza chake kilichonyooka kwamba nyumba ni yake, vitu ni vyake, na mimi nina chumba tu. Hakumtukana wala kupaza sauti. Baadaye nilikuja kujua alikuwa sahihi kisheria: kwa deni la kodi hii dalali haruhusiwi kuvunja mlango wala kumsukuma mtu aingie, na haruhusiwi kuchukua mali ya mtu mwingine. Lakini ukimfungulia na kumkaribisha, akaorodhesha vitu na wewe ukasaini, mambo yanabadilika. Usipolipa mlivyokubaliana, akirudi anaweza kuingia hata kwa nguvu. Yule bwana aliacha karatasi akaenda. Mimi nikakaa sakafuni kwenye ukumbi. Mtoto mdogo wa Bi Mkubwa akaja kunipa biskuti yake.

Kazini nilimwambia mama mmoja wa Kijamaika, maana alikuwa ameniona macho. Aliniambia niache kulia nikatafute Citizens Advice. Hao wanatoa ushauri bure, huhitaji kuwa raia. Mshauri, kijana tu wa rika lako, alitandaza karatasi zangu mezani akaniuliza swali moja ambalo sikuwa nimelifikiria: "Ulihama lini, na una karatasi gani ya kuonyesha?" Nilikuwa na mkataba wangu wa chumba kwa Bi Mkubwa, wa tarehe 1 Februari 2023, na taarifa ya benki inayoonyesha nimemlipa. Basi.

Akanipigia hesabu. Kodi hii inahesabiwa kwa siku. Nilikaa siku 306 kati ya 365, kwa hiyo kodi ya muda wangu ni pauni 1,307 na senti 84. Ukitoa zile 312 zilizolipwa, nabaki nadaiwa 995 na senti 84. Februari na Machi hazinihusu, kwa sababu sikuishi pale na mwenzangu ndiye aliyekuwemo. Nikamuuliza, "Na zile 780 nilizompa?" Akanitazama kwa huruma. Kwa kaunsili hela zile hazipo. Zilikuwa kati yangu na yeye, na ningeweza kumshtaki kwenye mahakama ya madai madogo kama ningejua aliko na ningekuwa na ushahidi. Ushahidi nilionao ni jumbe tatu za simu, "dada nimekuwekea hela kabatini". Mama husema dawa ya deni ni kulipa. Mimi nilikuwa nimelipa, mama.

Kuhusu viza, alinituliza: deni la namna hii peke yake si sababu ya kumrudisha mtu kwao. Jela ipo kwenye sheria ya England, hadi miezi mitatu, ila ni kwa mtu anayeweza kulipa na akakataa kwa makusudi. Wales waliifuta kabisa mwaka 2019. Natamani ningeyajua haya kabla ya godoro.

Tuliandika barua, tukaambatanisha mkataba. Kaunsili ina miezi miwili ya kujibu, na isipokubaliana nawe unakwenda Valuation Tribunal, baraza lisilotoza ada. Hatukufika huko. Waliondoa ile miezi miwili, wakalirudisha deni kwao kutoka kwa dalali na ada zake zikafutwa. Gharama za mahakama walikataa kuzitoa. Ikabaki 1,085 na senti 84, nikaomba nilipe pauni 90 kwa mwezi, kuanzia Mei 2024 mpaka Aprili 2025, salio likaingia fungu la mwisho. Pauni 90 kwa kima cha chini cha wakati ule, kilichoanza Aprili 2024, 11.44 kwa saa, ni karibu saa nane za kazi kabla ya makato. Shifti moja kila mwezi nilikuwa nawageuza wazee na kuwalisha kwa ajili ya kodi niliyokwisha kuitoa mfukoni.

Sasa unajua kwa nini hela ya nyumbani ilipungua tangu Mei ile, na kwa nini ada ya mdogo wetu wa mwisho ilichelewa mara mbili. Nilisema shifti zimepungua. Haikuwa kweli, na naomba mnisamehe. Niliona aibu kusema nimedhulumiwa na mtu wa kwetu, nikaona afadhali mnidhanie mchoyo.

Kwa huyo dada sina laana. Naamini alikuwa amezidiwa. Watu huku wanazidiwa kimyakimya, anatabasamu kwenye video ya sikukuu na posta imejaa nyuma ya mlango. Lakini alichonifanyia si kidogo, na sitasema ni kidogo.

Haya, na mkataba wako. Umesema mmoja wa rafiki zako anafanya kazi na mwingine atakuwa mwanafunzi kama wewe. Mwanafunzi wa muda wote hahesabiwi kwenye kodi hii. Nyumba ya wanafunzi watupu haitozwi kabisa. Kwenye nyumba yenu atahesabiwa yule mfanyakazi peke yake, atadai punguzo la robo, na deni litakuwa lake, siyo lenu. Usiogope viza kwa hilo, msamaha wa mwanafunzi na punguzo la robo si msaada wa serikali uliokatazwa. Ule wa kupunguziwa kwa sababu ya kipato kidogo ndio umekatazwa, huo usiuguse. Ila kaunsili haijui kama unasoma mpaka upeleke cheti cha kuthibitisha kutoka chuoni. Na siku kozi inaisha unaanza kuhesabiwa. Masomo yako ni ya mwaka mmoja. Ukibaki mle ndani kutafuta kazi na jina lako liko kwenye mkataba, umeingia pale nilipokuwa mimi.

Tena hiyo ni kodi ya kaunsili tu. Mkataba wa pamoja unakubana na pango pia, mwenzako asipolipa mwenye nyumba anakudai wewe yote.

Kwa hiyo mimi nasema usisaini. Nyumba yenye vyumba vinavyopangishwa kimoja kimoja, kila mtu na mkataba wake, kodi ya kaunsili huwa juu ya mwenye nyumba, na chumba utakilipa ghali kidogo lakini utalala. Rafiki zako watanuna. Waambie dada amekataa, nibebeshe mimi lawama. Na popote utakapoingia, andika mwenyewe kwa kaunsili siku ya kuingia na siku ya kutoka, uhifadhi majibu yao.

Fungu la mwisho nililipa tarehe 28 mwezi uliopita. Barua ya kuonyesha salio ni sifuri imekuja, nimempa Bi Mkubwa aisome kwanza, kwa kuwa ndiye aliyesikia jina langu likitajwa mlangoni kwake. Ada ya muhula ujao nitaituma yote mshahara ukiingia. Mwambie mama asilipe nusu kwa mkopo wa kikoba, nimeshaitenga.