Kabla ya viti vya magurudumu, ulizeni nauli

Dada, umeuliza kama kwa michango ya kikundi chenu mnunue viti vya magurudumu kwa watoto wenye ulemavu mtaani. Ningewasihi msinunue kabla mtoto hajapimwa. Kiti kikimzidi upana anakaa kiupande, mgongo unazidi kupinda na makalio yanatoka vidonda.

Ulizieni pia watoto wachanga waliozaliwa na mguu kifundo, yaani wayo umepinda kuelekea ndani. Mtoto wa hivyo anaweza kutembea kabisa akianza matibabu mapema, tena bila upasuaji mkubwa. Mguu unanyooshwa taratibu na kufungwa POP, ile plasta ngumu, inayobadilishwa kila wiki, kwa kawaida mara 5 hadi 7. Wengi hukatwa kidogo kano ya kisigino, ule ukano mgumu wa nyuma ya mguu. Kisha anavaa viatu maalumu vilivyounganishwa kwa chuma, saa 23 kwa siku kwa miezi 3, halafu usiku tu hadi miaka 4 hivi. Dar, hospitali ya CCBRT pale Msasani wanatibu tatizo hili.

Sasa piga hesabu ya mama anayeuza mboga, anapanda daladala kila wiki na mtoto mgongoni, na siku hiyo hauzi kitu. Akikosa wiki mbili tatu, mguu unaanza kurudi ulivyokuwa. Inaniuma sana, maana kilichokosekana hapo ni nauli tu! Mpeni nauli na cha kula siku ya kliniki, na mmoja wenu aendelee kumtembelea hata baada ya plasta kutolewa, kwa sababu viatu vya usiku ndivyo wengi huviacha.