Kidonge cha mafuta ya damu: usikiache kimyakimya, usikichanganye ovyo

Anayeandikiwa statini, dawa ya kushusha kolesteroli (mafuta ya damu), kwa mara ya kwanza mara nyingi hutoka na maelekezo mafupi: kimoja kwa siku, usiku. Hayo yanatosha kuanzia, lakini hayatoshi kukaa na dawa hii kwa miaka. Na ni miaka kweli. Kolesteroli nyingi ya damu hutengenezwa na ini lenyewe, na statini hupunguza kazi hiyo. Ukiacha kumeza, ndani ya wiki chache vipimo vinarudi vilikokuwa. Kwa hiyo majibu mazuri ya maabara yanaonyesha kwamba dawa inafanya kazi. Hayakuruhusu kuiweka kando.

Angalia kwanza jina la dawa, siyo rangi ya boksi. Simvastatini haikai mwilini muda mrefu, ndiyo maana humezwa usiku, wakati ini linapotengeneza kolesteroli kwa wingi. Atorvastatini na rosuvastatini zinakaa muda mrefu zaidi, hivyo saa yoyote inafaa mradi iwe ileile kila siku. Ukisahau, meza ukikumbuka. Kama saa ya dozi inayofuata imekaribia, iruke uliyosahau, na usimeze viwili kufidia. Mwezi wa Ramadhani hauleti shida, kwa kuwa ni kidonge kimoja: meza baada ya futari au baada ya tarawehe.

Wapo wanaojipandishia dozi wenyewe, wakidhani vidonge viwili vitafanya kazi maradufu. Havifanyi. Ukizidisha statini mara mbili, kolesteroli mbaya, ile iitwayo LDL, hushuka takribani asilimia 6 tu zaidi, wakati madhara kwa misuli huongezeka. Sehemu kubwa ya faida huletwa na dozi ya mwanzo: atorvastatini ya miligramu 10 hadi 20 hushusha LDL kwa asilimia 30 mpaka karibu 50.

Maumivu ya misuli ndiyo yanayowatoa wengi kwenye dawa, na huku kwetu yanachanganya, maana aliyeshinda akifyeka chini ya mikorosho au akipakia magunia ghalani anaumwa misuli vilevile. Ya statini kwa kawaida hushika pande zote mbili, yaani mapaja, nyonga, mabega na vigimbi. Huanza wiki au miezi michache baada ya kuanza dawa au kupandishwa dozi, na siku mbili tatu za kupumzika haziyaondoi. Goti moja lililovimba au mgongo unaouma upande mmoja, hayo tafuta sababu nyingine kabla ya kuilaumu dawa.

Maumivu yakiwa madogo, rudi kwa daktari ukiwa bado unaimeza. Atapima kimeng'enya cha misuli kiitwacho CK, na ni vizuri aangalie pia tezi ya shingo, kwa sababu tezi inayofanya kazi kidogo hupandisha kolesteroli na yenyewe huumiza misuli. Mwambie kama jana yake ulikuwa na jembe, maana kazi nzito peke yake hupandisha CK. Mara nyingi suluhisho ni kupunguza dozi au kubadilisha aina ya statini, na maumivu yanaisha. Lakini ukishindwa kunyanyuka kwenye mkeka, au mkojo ukawa mweusi kama chai ya rangi, acha dawa siku hiyohiyo na uende hospitali bila kusubiri kesho. Misuli inavunjika, na mabaki yake yanaharibu figo. Ni jambo la nadra sana, ila halina nafasi ya kubahatisha.

Nadra hiyo huletwa mara nyingi na mchanganyiko wa dawa. Klarithromaisini na erithromaisini, antibayotiki za kifua zinazonunuliwa kirahisi, huzuia ini lisivunje simvastatini na atorvastatini, kwa hiyo dawa inajaa kwenye damu. Dawa za fangasi za kumeza kama ketokonazoli na itrakonazoli hufanya hivyohivyo. Ukiandikiwa mojawapo, uliza kama statini isimamishwe kwa siku hizo. Azithromaisini kwa kawaida haina tatizo hilo kubwa. Mwenye presha anayetumia amlodipini asizidishe simvastatini zaidi ya miligramu 20 kwa siku. Mwenye gauti anayemeza kolchisini naye amtajie daktari. Anayetumia dawa za VVU zenye ritonaviri, ambazo wengi hupewa kwenye mstari wa pili wa tiba, simvastatini haimfai kabisa. Dolutegraviri haina mgongano huo. Rifampisini ya kifua kikuu hufanya kinyume: inaimaliza statini haraka, na LDL inapanda bila mgonjwa kujua sababu.

Kati ya matunda, la kuogopa ni balungi, pamoja na danzi. Yana kitu kinachofunga utumbo usiivunje dawa, na athari yake hupita siku moja, kwa hiyo kula asubuhi na kumeza usiku hakusaidii. Chungwa la kawaida kula tu.

Msimu wa mabibo una neno lake. Uraka na nipa, pombe za mabibo, huchosha ini, na ini ndilo linaloichakata statini. Kabla ya kuanza dawa upimwe ALT, kimeng'enya cha ini kinachopimwa kwenye damu. Ikipanda baadaye kuzidi mara tatu ya kiwango cha juu cha kawaida, daktari husimamisha au hupunguza. Macho yakiwa ya njano, usingoje tarehe ya kliniki. Mlonge na unga wa mizizi wanaouza kama tiba ya lehemu (kolesteroli) usiuweke mahali pa kidonge, na usiufiche ukiulizwa unatumia nini.

Mwanamke anayetarajia kubeba mimba amwambie daktari mapema, na akikosa siku zake apige simu kabla ya kumeza kingine. Kwa kawaida statini husimamishwa wakati wa ujauzito na kunyonyesha.

Rudia kipimo cha mafuta wiki 4 hadi 12 baada ya kuanza au kubadilishiwa dozi, kisha kila miezi 3 hadi 12. Soma vipimio kabla hujashtuka: maabara moja huandika LDL 3.9 na nyingine 150, na ni kitu kilekile, moja kwa milimoli na nyingine kwa miligramu. Zidisha ya kwanza kwa 38.7. Aliyewahi kupata kiharusi au mshtuko wa moyo, lengo lake la LDL huwa chini ya milimoli 1.8, na wapo madaktari wanaotaka chini ya 1.4.

Fedha za korosho zikiingia, nunua ya miezi miwili au mitatu, na soma tarehe ya mwisho. Isiwe zaidi ya hapo: joto na unyevu wa pwani, kuanzia Kilwa mpaka Msimbati, havifai dawa, na nyingi zinatakiwa zikae chini ya nyuzi 30. Iache kwenye karatasi yake, ndani ya kabati la chumba chenye upepo, mbali na jiko na dirisha la jua. Ukipewa rufaa kwenda hospitali ya Ligula au Ndanda, beba boksi lenyewe pamoja na dawa zako nyingine zote, hata za duka la mtaani.