Maswali na Majibu: Phèdre mkononi, mwalimu kwenye mgomo

Mgomo umeingia wiki ya tatu, darasa letu liliishia tendo la kwanza la Phèdre, tamthilia ya kishairi ya Mfaransa Racine. Nitamaliza vipi peke yangu? (Mwanafunzi, Bagira)

Matendo ni matano, mishororo 1,654. Tendo moja kwa siku: kwanza kwa sauti bila kamusi, kisha kwa kalamu. Muda ukibana, shika maungamo matatu. Phèdre anamfunulia yaya wake Œnone kwamba anampenda mwana wa mumewe (I, 3, yaani tendo la kwanza, onyesho la tatu). Anamwambia Hippolyte mwenyewe (II, 5). Mwisho anamwambia mumewe, Thésée, sumu ikiwa tayari mwilini (V, 7). Kila mara jiulize kwa nini anasema sasa. Lile la pili lisingetoka kama isingefika habari ya uongo kwamba Thésée amekufa (I, 4).

Waliosoma muhtasari tu huandika kwamba Phèdre alimsingizia Hippolyte. Sivyo. Œnone ndiye anayebuni uongo na kuupeleka kwa Thésée. Phèdre anamwachia afanye atakavyo. Kisa ni cha kale: kwa Seneca, mwandishi wa Kirumi, Phèdre husema uongo kwa kinywa chake. Kwa Euripides, Mgiriki, huuacha umeandikwa. Racine alibadilisha makusudi mwaka 1677, na dibaji yake inasema kwa nini: alitaka mtu ambaye si mkosaji kabisa, wala si safi kabisa. Ukiulizwa katika disertasio, ile insha ya hoja, kama Phèdre ana hatia, "ndiyo" tupu itakuangusha.

Kila nikihesabu mshororo wa Phèdre "La fille de Minos et de Pasiphaé" napata mizani 11 badala ya 12. Kosa liko wapi? (Ibanda)

Kwenye "fille". Ile e ya mwisho tunaimeza tukizungumza, lakini katika ushairi wa Kifaransa inahesabiwa ikifuatwa na konsonanti, hapa d ya "de". Ikifuatwa na vokali inamezwa, na mwishoni mwa mshororo haihesabiwi. Kwa hiyo: La-fi-lle-de-Mi-nos, pumzi, et-de-Pa-si-pha-é. Sita kwa sita, kama shairi letu la mizani 16 linavyokatwa nane kwa nane.

Tuko wanne, kitabu kimoja. (Kadutu)

Anzeni na tendo la nne: wasemaji ni wanne tu, Thésée, Œnone, Hippolyte na Phèdre. Asiye na zamu ndiye ashike kalamu. Tulieni kwenye IV, 4: Phèdre amekuja kumwombea Hippolyte, anasikia kwamba kijana anampenda msichana mwingine, Aricie, na neno lililokuwa mdomoni linarudi tumboni. Ninyi pia nyamazeni hapo, hesabuni hadi tano.

Mwanangu anasema tanzia hii inachosha, hata kifo hakionekani. (Mama, Kadutu)

Mama, kimoja kinaonekana: Phèdre anafia jukwaani. Kifo cha Hippolyte ndicho kinachosimuliwa, kwa kuwa adabu ya jukwaa la Ufaransa wakati ule ilikataa damu mbele ya watazamaji. Mwambie akusomee simulizi la Théramène, mlezi wa Hippolyte (V, 6), mishororo zaidi ya 70 mfululizo, dude likitoka baharini na farasi wakishikwa na kiwewe. Asisome kama anayesoma tangazo.