Macho Yote Yako kwa Mwenye Daftari

Nilipokuwa mweka hazina wa kikundi chetu cha kuweka na kukopa, mwenyekiti alinipigia simu jioni moja akaniomba fedha za kikundi, angezirudisha wiki hiyohiyo. Nikampa. Hapakuwa na fomu wala shahidi, na daftarini sikuandika kitu. Siku ya nne alirudisha zote, nami nikaona yamekwisha.

Hayakuwa yamekwisha. Habari zilivuja, na mwezi uliofuata wanachama wawili wakaja na ombi lilelile. Sikuwa na uso wa kuwakatalia. Mmoja alikaa na fedha miezi mitatu. Mwishowe alilipa, lakini wakati huo wenzake walishaanza kuchelewesha michango, maana kama viongozi wanapita mlango wa nyuma, wao wapange foleni kwa nini? Katiba tulikuwa nayo, imepigwa chapa na kutiwa saini kila ukurasa. Haikutusaidia, kwa kuwa watu walikuwa wakinitazama mimi, si katiba.

Ndiyo maana ushauri wangu wa kwanza ni huu, na najua ni mgumu: kiongozi atangulie kukiri. Nilisimama mkutanoni nikaisoma mikopo yote mitatu, nikianza na wa mwenyekiti, nikakubali faini waliyonipangia wanachama. Mwenyekiti alinuna kwa muda mrefu, na iliniuma, kwa sababu ni mtu ninayemheshimu. Michango ilianza kurudi mwezi uleule.

Kisha wekeni utaratibu usiochagua mtu. Kwetu fedha huhesabiwa na watu wawili, wanaobadilishwa kila mkutano, na salio husomwa kwa sauti kabla ya kufunga kikao. Hakuna anayejiona ameshukiwa, maana hata mwenyekiti huhesabiwa zake.

Jambo lililonifungua macho zaidi ni la adhabu. Elinor Ostrom, msomi wa Marekani aliyepata Tuzo ya Nobel ya uchumi mwaka 2009, alichunguza jamii zinazosimamia zenyewe misitu, maji ya umwagiliaji na maeneo ya uvuvi. Aliona kwamba katika zile zilizodumu, wanajamii hufuatiliana wenyewe, na adhabu huanza ndogo ikapanda kadiri kosa linavyorudiwa. Sisi tulikuwa na adhabu moja tu, kufukuzwa. Kwa uzito wake, hakuna aliyethubutu kumtaja mwenzake, tukawa tunafichiana. Siku hizi kosa la kwanza ni kuitwa pembeni na kuonywa, la pili ni faini, na kufukuzwa kuko mbali sana. Makosa sasa yanasemwa yakiwa bado madogo.

La mwisho, mlindeni anayeuliza. Katika miaka ya 1950 mwanasaikolojia Solomon Asch aliwapa watu kazi rahisi ya kulinganisha urefu wa mistari, huku wenzao chumbani wakikubaliana makusudi kutoa jibu la uongo. Wengi walifuata mkumbo angalau mara moja. Lakini alipokuwepo hata mtu mmoja wa kusema kweli, waliofuata mkumbo walipungua sana.

Nilimkumbuka Asch siku mwanachama mgeni alipouliza, “Risiti ya viti iko wapi?” Ukumbi ulinyamaza, wengine wakamkazia macho. Nikamshukuru mbele ya wote, nikaomba tusiendelee na ajenda hadi risiti ipatikane. Katibu aliitafuta kama nusu saa, na sote tulikaa tukamsubiri.