Usikariri Jedwali: Njia Yangu ya Kufundisha Subjonktifu ya Imparfe ya Kifaransa

Wanafunzi wangu wengi ni watu wazima wa Dar es Salaam wanaosoma Kifaransa jioni baada ya kazi: wafasiri, wanasheria wachanga, wengine wanajiandaa kwenda kusoma Ufaransa. Wakifika kwenye subjonktifu ya imparfe, ile ambayo vitabu huiita imparfait du subjonctif, yaani umbo la dhamira tegemezi linalofuata kitenzi kikuu cha wakati uliopita, karibu wote hufanya jambo moja. Hufungua programu ya mnyambuliko kwenye simu, huandika kitenzi, hupata safu ya maneno kama parlasse, parlassions, parlassiez, kisha huanza kuyakariri, kitenzi kimoja baada ya kingine. Mimi huwaambia waiweke simu pembeni. Hakuna cha kukariri hapa ikiwa unaijua passé simple, ule wakati uliopita wa masimulizi ya vitabuni. Na kama huijui, basi nguvu zako zipeleke huko kwanza, maana ndiko hii inakozaliwa.

Nimekulia Bukavu, nyumbani Kiswahili, shuleni Kifaransa, na kanuni niliyopewa na mwalimu wangu wa sekondari ndiyo ninayoitumia mpaka leo. Chukua kitenzi katika passé simple, nafsi ya pili umoja, uongeze -se. Tu parlas inakupa parlasse. Tu finis inakupa finisse. Tu voulus, voulusse. Tu vins, vinsse. Ukishapata hilo umbo la kwanza, mengine yanajipanga yenyewe: -sse, -sses, -ssions, -ssiez, -ssent. Nafsi ya tatu umoja peke yake haina ss. Hapo irabu inavalishwa kofia, yaani alama ^, na kufuatwa na t: parlât, finît, voulût, vînt.

Irabu zenyewe ni chache. Vitenzi vya -er vyote huchukua a. Vingi vya -ir na -re huchukua i. Kundi kubwa la vile vinavyotusumbua, kama vouloir, pouvoir, savoir, devoir, huchukua u. Linabaki kundi dogo la in, yaani venir na tenir pamoja na watoto wao: devenir, revenir, obtenir, soutenir, maintenir.

Sasa jambo ambalo ningependa kila mwanafunzi alijue mapema, kwa sababu linaondoa hofu: kanuni hii haivunjwi na kitenzi chochote. Être, ambacho hakitulii katika njeo nyingine, hapa kinatii: tu fus, fusse, fût. Avoir vilevile: tu eus, eusse, eût. Aller, ambacho katika subjonktifu ya sasa hugeuka kuwa aille, hapa kinarudi kwenye mzizi wake bila shida: tu allas, allasse, allât. Hata vile vyenye maumbo ya kushangaza, ushangao wao wote uko kwenye passé simple. Naître hutoa tu naquis, basi naquît. Craindre hutoa tu craignis, basi craignît. Vivre, tu vécus, vécût. Na ukitaka ushahidi zaidi, tazama traire, kukama ng'ombe. Kitenzi hicho hakina passé simple, na kwa sababu hiyo hiyo hakina subjonktifu ya imparfe. (Haïr, kuchukia, kina jambo lake dogo la tahajia: huandikwa qu'il haït, kwa kuwa nukta mbili juu ya i tayari zimechukua nafasi ya kofia. Kanuni ya kuliunda ni ile ile.)

Ukishaielewa njia, usigawe nguvu zako sawa kwa nafsi zote sita. Ipe nafsi ya tatu sehemu kubwa kabisa. Fungua riwaya yoyote ya karne ya 19 na utaona kwamba unayokutana nayo ukurasa baada ya ukurasa ni fût, eût, vînt, fît, pût, na kwa wingi fussent, eussent, vinssent. Nous parlassions na vous parlassiez ni sahihi kisarufi, lakini Wafaransa wenyewe wamekuwa wakizikwepa muda mrefu kwa sababu ya mlio wake. Uzitambue ukiziona. Kuziandika, sioni sababu.

Kwenye nafsi hiyo ya tatu ndipo kofia inapofanya kazi yake, na hapa naomba usiharakishe. Il fut na qu'il fût hutamkwa sawasawa. Vivyo hivyo eut na eût, vint na vînt, fit na fît, finit na finît. Sikio halitakusaidia, jicho ndilo litakalokusaidia. Lisilo na kofia ni passé simple, tukio lililotokea kweli katika masimulizi. Lenye kofia ni subjonktifu, jambo lililotakiwa, lililohofiwa, lililongojwa. Mfano ninaoupenda zaidi kufundishia ni wa avant que na après que. Avant qu'il eût parlé, kabla hajasema: kofia ipo, kwa sababu avant que hudai subjonktifu. Après qu'il eut parlé, baada ya kusema: kofia haipo, kwa sababu jambo limekwisha kutendeka na après que hailiulizi. Mtu anayeielewa tofauti ya sentensi hizo mbili amekwisha kuelewa nusu ya somo.

Kofia hiyo si pambo. Zamani waliandika fust, na kofia ndiyo iliyobaki baada ya s kuacha kutamkwa na kisha kuacha kuandikwa. Umbo lenyewe linatoka Kilatini, kwenye maumbo kama cantassem, ndiyo maana ss imeganda katika nafsi zile nyingine tano. Marekebisho ya tahajia ya mwaka 1990 yaliruhusu kuondoa kofia juu ya i na u katika maneno mengi, lakini yalisema wazi kwamba miishio ya passé simple na ya subjonktifu ya imparfe inabaki nayo. Kwa hiyo asikudanganye mtu kwamba siku hizi unaweza kuandika qu'il fut.

Kuna mitego miwili ninayoiona mara kwa mara. Wa kwanza ni kudhani kwamba kila ss ni imparfe. Fasse ni subjonktifu ya sasa ya faire, na imparfe yake ni fisse. Puisse ni ya sasa ya pouvoir, imparfe ni pusse. Wa pili ni vitenzi vya aina ya finir, ambavyo subjonktifu zake mbili hufanana kabisa, finisse kwa finisse, isipokuwa nafsi ya tatu umoja: qu'il finisse kwa ya sasa, qu'il finît kwa imparfe. Ukikutana na que nous finissions, tazama kitenzi cha sentensi kuu kabla hujaamua.

Na hilo linatuleta kwenye matumizi, ambako sisi wa Kiswahili tunahitaji maelezo ambayo vitabu vya Ufaransa havitupi. Kiswahili kinayo dhamira tegemezi, ile -e ya mwisho, lakini haijali wakati. Tunasema nataka aje, na tunasema nilitaka aje. Aje haibadiliki. Kifaransa cha vitabu kinabadilisha: je veux qu'il vienne, lakini je voulais qu'il vînt. Sentensi kuu ikiwa katika wakati uliopita, subjonktifu nayo inarudi nyuma pamoja nayo. Kwa hiyo unaposoma il fallait qu'elle parlât, usitafute wakati uliopita wa kuuweka kwenye parlât. Tafsiri ni ilibidi aseme, basi. Wafasiri wachanga hupoteza muda mwingi hapo, wakidhani umbo zito namna ile lazima libebe maana nzito. Katika kishazi tegemezi cha namna hii, libadilishe kichwani liwe subjonktifu ya sasa na sentensi itafunguka.

Kwenye mazungumzo Kifaransa cha leo kimekwenda njia hiyo hiyo ya kwetu: je voulais qu'il vienne ndivyo watu wanavyosema, na ndivyo wengi wanavyoandika. Wala si uzembe wa juzi. Tarehe 26 Februari 1901 waziri wa elimu wa Ufaransa, Georges Leygues, alitoa agizo lililotaka watahiniwa wasikosolewe wakitumia subjonktifu ya sasa baada ya kitenzi cha sharti, il faudrait qu'il vienne badala ya qu'il vînt. Zaidi ya miaka mia imepita tangu hapo.

Lakini yako maumbo ambayo hayajaondoka kabisa, na haya ndiyo ningekushauri uyajue kwa moyo. Ne fût-ce que ni mojawapo. Bukavu nimelisikia redioni na mikutanoni tangu utotoni: ne fût-ce que cinq minutes, walau dakika tano. Fût-ce peke yake ni hata kama ni. Dût-il en mourir, hata ikibidi afe. Plût à Dieu que, laiti Mungu angependa. Kisha kuna eût na fût zinazosaidia kitenzi kingine na kuleta maana ya jambo ambalo halikutokea: il eût fallu, qui l'eût cru. Hapa Kiswahili kinatusaidia sana, kwa sababu tunayo -ngali-. Il eût fallu ni ingalibidi. Qui l'eût cru ni nani angaliamini. Mwanafunzi akiona eût isiyotanguliwa na que, mara nyingi -ngali- ndiyo itakayompa maana sahihi, na itampa haraka kuliko maelezo yangu.

Kwa mazoezi, nawapa wanafunzi ukurasa mmoja wa riwaya ya zamani na kalamu. Wanazungushia kila kofia iliyo juu ya mwisho wa kitenzi, wanaandika pembeni passé simple yake, kisha wanaisoma sentensi upya wakiweka subjonktifu ya sasa. Kazi hiyo huzaa matunda kuliko kujaza majedwali, kwa sababu umbo linakaa na mazingira yake. Kuandika kunafuata baadaye, na kwa kiasi. Katika insha ya fasihi au masimulizi yaliyo katika passé simple, qu'il fût na qu'elle eût zinapendeza na zinaonyesha kwamba unaijua lugha, mradi uendelee hivyo hadi mwisho wa insha. Kwenye barua ya kuomba kazi au barua pepe ya ofisini, andika je souhaiterais que vous veniez. Vinssiez iache kitabuni.