Joto la darini chini ya bati: hewa iingie wapi, itokee wapi

Mkuu, umesema nyumba ipo Dar, mita 10 kwa 12, bati la rangi nyeusi, dari la jipsam, na fundi anataka kutoboa paa aweke feni mbili zinazozungushwa na upepo. Usimruhusu bado. Feni ya juu kazi yake ni kutoa hewa. Kama chini hakuna pa kuingilia, itavuta hewa ya vyumbani kupitia matundu ya taa, na ukiwa umewasha AC, ubaridi unaoulipia umeme ndio utakaotoka.

Kwa hiyo anza chini. Panda darini alfajiri, maana jua likishapanda hapakaliki. Kanyaga mbao za kenchi tu, jipsam haibebi mtu. Kagua pale kenchi zinapokalia ukuta. Mafundi wengi hujaza tofali katikati ya kenchi mpaka karibu na bati, kuzuia panya na wezi. Ukuta ukishazibwa hivyo, hata utoboe dari la nje (lile la chini ya ukingo wa paa unaotokeza nje ya ukuta) kila hatua, hewa itaishia kwenye ile nafasi ya nje na haitafika juu ya vyumba. Hapa ndipo kazi hii inapoharibika mara nyingi, na mwenye nyumba hajui kwa sababu matundu anayaona kwa macho. Ng'oa tofali moja nyuma ya kila tundu utakaloweka.

Hesabu sasa. Kanuni inayotumika sana ni uwazi wa 1/150 ya eneo la dari. Kwako ni mita za mraba 120, hivyo unahitaji mita ya mraba 0.8 ya uwazi halisi: nusu chini, nusu juu. Nusu hiyo ni sentimita za mraba 4,000. Tundu la sentimita 15 kwa 30 lina 450, lakini wavu unakula sehemu yake, hesabu kama 300 hivi. Weka 14: saba kila upande mrefu, kila baada ya mita 1.7.

Wavu uwe wa matundu ya milimita 6. Popo hapiti, na vumbi haliuzibi upesi. Wavu wa mbu usiutumie hapo, unajaa vumbi na buibui na baada ya muda ni kama umeziba kwa mbao. Ukiwa karibu na bahari, wavu wa chuma wa kawaida utaliwa na kutu, tafuta wa chuma kisichoshika kutu. Kama popo tayari wamo, usizibe wakiwa ndani. Subiri watoke jioni, na kama wana makinda subiri yaweze kuruka. Kinyesi chao usikifagie bila barakoa.

Juu inategemea umbo la paa. Likiwa na kuta za pembe tatu huku na huku, una bahati: weka dirisha la mbao za kulaza, sentimita 60 kwa 70, karibu kabisa na kilele kila upande. Mbao hizo huziba karibu nusu ya uwazi, ndiyo maana nimekupa kubwa. Ziinamie nje nyuzi 45, zipandane kidogo, la sivyo mvua ya upepo ya masika italowesha jipsam. Tofali za matundu pia zinafaa, na ni rahisi zaidi.

Paa la miteremko minne ni gumu. Kwa vipimo vyako kilele chake kina urefu wa mita 2 tu, kwa hiyo kuinua kofia (bati linalofunika kilele) peke yake hakutoshi. Hapo ndipo feni za upepo zina maana, ila feni yenye koo (tundu la kupitisha hewa) la kipenyo cha sentimita 30 inatoa kama sentimita za mraba 700, yaani unahitaji sita, si mbili. Ziwekwe karibu na kilele, na bati la kukinga maji lichomekwe chini ya bati la juu yake. Silikoni peke yake hupasuka kwa jua na paa litavuja.

Hata hivyo, hewa haimalizi joto lote. Bati la moto humulikia dari joto moja kwa moja, na upepo hauzuii hilo. Gongelea foili chini ya mbao za juu za kenchi, upande unaong'aa utazame chini, uache sentimita 5 wazi kileleni na pembeni ili hewa ipite nyuma yake. Usiilaze juu ya jipsam, vumbi litaua mng'ao wake. Zima umeme kwanza na usiigusishe na maungio ya nyaya.

Bomba la feni ya choo au jiko lisiishie darini. Litoe nje kwa bomba la inchi 4, vinginevyo mvuke utaozesha mbao na kuchora madoa kwenye dari.

Na kama chumba kinachemka bado saa sita usiku, paa silo linalokusumbua. Bati hupoa haraka jua likizama. Joto la saa hizo linatoka kwenye kuta za tofali, hasa ule wa magharibi, na dawa yake ni kivuli cha nje: baraza, mti, au paa lirefushwe upande huo.