Maswali ya wodini: chai ya inchaji, sindano iliyochoma na matone ya dripu

Wanafunzi wa uuguzi wameingia fildi na simu yangu haipoi. Nimechagua maswali yanayojirudia, mengine nimeyafupisha.

Tangu tufike wodini ni kutandika vitanda, kuogesha wagonjwa, kupeleka sampuli na kumnunulia inchaji (muuguzi msimamizi wa wodi) chai. Kazi yenyewe tutajifunza lini? (Mwaka wa kwanza, Dodoma)

Ya chai nakubaliana nawe, mdogo wangu. Mweleze mkufunzi wako akija kuwakagua, usigombane na inchaji mbele ya wagonjwa. Hayo mengine ndiyo kazi yenyewe. Mgonjwa wa kiharusi asiyeweza kujigeuza huanza kuharibika ngozi kiunoni kwa nyuma, nyongani na kwenye visigino, na wa kwanza kuona ni anayemwogesha. Kwenye ngozi nyeusi usisubiri wekundu, huenda usiuone. Papasa: pakiwa na joto au pagumu kuliko pembeni, kidonda cha mgandamizo kinaanza. Mwite muuguzi wa zamu, mgeuzeni, na muda uandikwe kwenye faili. Daktari wa raundi atasimama hapo dakika chache. Wewe uko na mgonjwa asubuhi nzima.

Na sampuli usizibebe kama tarishi. Chupa ya kifuniko cha zambarau ina dawa ya kuzuia damu isigande, ila ni lazima uipindue taratibu mara kadhaa ili damu na dawa vichanganyike. Damu ikiganda maabara wataikataa, na atakayechomwa tena ni mgonjwa. Linganisha jina la kwenye chupa na la kwenye fomu kabla hujatoka wodini.

Jana jioni nilijichoma na sindano niliyomtolea mgonjwa damu. Sijamwambia mtu, naogopa kuitwa mzembe. (Mwaka wa pili, Mbeya)

Wewe nilikujibu papo hapo kwa simu. Narudia hapa kwa ajili ya wenzako walionyamaza.

Ukijichoma, osha kwa sabuni na maji yanayotiririka. Usiminye kidonda damu itoke, usimwagie jiki. Kisha toa taarifa saa hiyo hiyo, hata kama ni saa nane usiku. Utapimwa VVU, mgonjwa naye ataombwa ridhaa apimwe, na ikionekana kuna hatari utapewa dawa za kinga, PEP. Dozi ya kwanza inatakiwa mapema iwezekanavyo, ndani ya saa chache ikiwezekana, na isipite saa 72. Unazimeza siku 28 bila kuruka. Zinaweza kukutia kichefuchefu. Rudi kliniki uwaambie, usiziache kimyakimya.

Uliza pia kuhusu homa ya ini aina ya B, ambayo kwa njia ya sindano huambukiza kwa urahisi kuliko VVU. Ina chanjo, na kwa maoni yangu mwanafunzi asiguse sindano kabla hajaanza kuchanjwa. Chuo chako kisipoleta habari hiyo, iulize wewe.

Kuhusu kuitwa mzembe: wengi huchomwa wakati wa kurudishia kifuniko, au wakisukumia sindano kwenye boksi la sindano zilizotumika lililojaa. Usirudishie kifuniko, na boksi likifika robo tatu lifungwe. Kama wodi yenu ina boksi moja tu kule mwisho wa korido, uzembe si wako peke yako.

Mimi ni mwanamume. Leba mama mmoja amekataa nisimguse. (Mwaka wa pili, Kigoma)

Ana haki hiyo. Sema "sawa mama", muite mwenzako wa kike. Wengine hukubali ukijitambulisha kwanza, ukaomba ruhusa na kuvuta pazia. Na wakikuita "dokta", wasahihishe siku hiyo hiyo: wewe ni mwanafunzi wa uuguzi.

Nikiambiwa nihesabu matone ya dripu mbele ya watu, akili inagoma. (Mwaka wa kwanza, Morogoro)

Tafuta kwanza mililita kwa saa. Lita moja kwa saa 8 ni mililita 125 kwa saa. Soma pakiti ya seti (mrija wa dripu): kama ni matone 20 kwa mililita, gawanya hiyo 125 kwa 3, unapata kama matone 42 kwa dakika. Seti ya watoto ya matone 60 haihitaji kugawanya. Mililita kwa saa ndiyo matone kwa dakika. Ukishafungulia, rudi baadaye uhesabu tena, kwa sababu mgonjwa akikunja mkono mwendo hubadilika.

Bibi niliyemhudumia amefariki, nikalia mbele ya ndugu zake. Wenzangu wamenicheka. (Mwaka wa tatu, Tanga)

Waache wacheke, zamu yao inakuja. Machozi hayakatazwi, mradi kazi isisimame. Daktari akishathibitisha kifo, bibi afumbwe macho, afungwe taya na anyooshwe viungo kabla hajakakamaa. Kanula (kimrija cha dripu kwenye mshipa) na mirija mingine vitolewe. Waulize ndugu kuhusu taratibu za dini yao. Huko Tanga wengi watataka kumwosha wenyewe na kuzika mapema, kwa hiyo msaada mkubwa utakaowapa ni kufuatilia makaratasi yasilale mezani. Wakikuuliza kama aliteseka, usibuni. Waambie ulichokiona.

Naweza kujipiga picha na sare wodini niweke status? (Wengi)

Nje ya geti, piga utakavyo. Wodini hapana, hata kama mgonjwa anaonekana mguu tu. Taarifa za afya zinalindwa na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022.

Naanza fildi wiki ijayo, ninunue nini? (Mwaka wa kwanza, Dar es Salaam)

Saa yenye mshale wa sekunde na viatu vilivyofunika vidole, visivyoteleza. Stetoskopu ya bei inaweza kusubiri. Ukimaliza kuhesabu mapigo, usiachie mkono wa mgonjwa. Endelea kuushika huku ukihesabu pumzi kwa dakika nzima, maana akijua unahesabu anavyopumua, ataanza kupumua kwa kujipanga.